Bibi wa Kwenye Chupa

Jumatatu, 3 Machi

Dada, samahani. Daftari hili ulinipa wakati mwanangu, Bwana Mdogo, bado hana jina, ukasema niandike kila siku na likijaa nikutumie, nisije nikaanza kuongea na kuta. Leo ana meno mawili na ndiyo kwanza nafungua ukurasa. Si uvivu. Nilikuwa nanyonyesha. Nikimaliza kunyonyesha, nafua. Nikimaliza kufua, kaamka.

Lakini leo kuna la kuandika. Likizo yangu ya uzazi inaisha Jumatatu ijayo. Na nimekabidhiwa Bibi.

Humjui Bibi. Ni chachu ya kazini kwetu, kiwanda cha mikate. Ukimwangalia ni unga na maji tu, uji mzito wa kijivu wenye mapovu, lakini yu hai. Kila siku anachotwa kidogo wa kuumusha mikate, na yule anayebaki analishwa unga na maji, anajaa tena. Imekuwa hivyo tangu enzi za babu yake Mzee wa Tanuri, mwenye kiwanda. Hamira ya pakiti pale haivuki hata kizingiti. Na hakuna anayeingia chumba cha kukandia bila kumwamkia Bibi shikamoo. Shikamoo kwa ndoo! Siku ya kwanza nilicheka. Siku ya pili mikate yangu ikagoma kuumuka. Siku ya tatu niliamkia na goti nikapiga.

Wiki hii tanuri linajengwa upya, kiwanda kimefungwa, na Mzee wa Tanuri kaenda kumwona nduguye anayeumwa. Kwa hiyo kamgawa Bibi kwenye chupa mbili za kioo. Moja kwangu. Moja kwa Kipenga, mkandaji mwenzangu, mrefu, mwembamba, anapiga mluzi tangu anavaa aproni hadi anapoivua. Masharti ni haya: Jumapili kila mtu alete Bibi wake, akande, aoke. Ambaye Bibi wake kanawiri anapata zamu ya mchana, maana nafasi ni moja. Mwenzake anafanya usiku.

Mimi usiku siwezi. Baba Mtoto ni mlinzi, usiku hayupo nyumbani. Na Mama Mkwe keshatangaza, tena mbele ya mashahidi, kwamba nikipangiwa usiku mjukuu wake hataachwa na majirani kama paka. Atamchukua akakae kwake. Kwake ni safari ya basi ya kutwa nzima. Nitakuwa namwona mwanangu sikukuu kwa sikukuu, ananiita shangazi.

Mtoto haendi popote. Nimeshasema.

Mbinu ya kwanza tayari. Nimempigia Kipenga simu. Nikamwambia, kwa sauti ya mtu anayekutakia mema, kwamba Bibi ni mzee, wazee wanataka utulivu, kwa hiyo amtie kwenye friji, nyuma kabisa, na asimguse hadi mwisho wa juma. Akasema, "Ahsante sana, shemeji, Mungu akuzidishie." Baridi na njaa! Hafiki Alhamisi. Bibi, si Kipenga.

Leo nitalala vizuri mno. Kwa kadiri ninavyoruhusiwa.

Jumanne, 4 Machi

Mpango wa leo: kumnenepesha.

Kawaida Bibi hula unga na maji. Lakini anayetaka mashavu hatoi chakula cha kawaida. Nikaweka sukari. Nikatazama. Nikaongeza nyingine. Chupa nikaiweka dirishani penye jua, kisha nikakaza kifuniko kwa nguvu zangu zote, nzi wasiingie.

Baba Mtoto alikuwa anapiga pasi sare yake. Ukasikika mlio kama tairi limepasuka. Kifuniko kilikwenda darini kikarudi. Bibi naye alikwenda darini, ila yeye hakurudi wote. Aliyerudi alitua kwenye picha yetu ya harusi, upande wa bwana harusi, na kwenye sare. Bwana Mdogo alicheka hadi akashikwa na kwikwi. Alitaka tena.

Mwalimu wa Sayansi, mpangaji wa juu, akashuka mbio kuuliza kama ni mtungi wa gesi. Nikamwambia ni Bibi. Akavuta kiti. Huyu ukimjibu tu, umeshakuwa darasa. Akaeleza kwamba chachu ni kuvu, ndugu yake uyoga, ila ni mdogo kiasi kwamba kwenye ncha ya kijiko wamejaa mji mzima. Kila mmoja anakula sukari. Akishakula anatoa vitu viwili: gesi na kileo. Gesi ndiyo inayouvimbisha unga, na yale matundu ya mkate ni pumzi zao. Kileo kinapotelea tanurini. Hata kwenye unga mtupu sukari ipo, imefichika, wao huitafuta taratibu.

"Sasa wewe, mama, umempa sukari ya bure, ukampa jua, halafu ukamziba mdomo. Tuko pamoja?"

Nikasema tuko pamoja. Akataka nirudie. Nikarudia, nikiwa nimesimama juu ya kiti nakwangua dari kwa mwiko.

Nilichokwangua nimekirudisha chupani. Bibi wa darini ni Bibi vilevile. Baba Mtoto kaenda kazini na doa begani. Amesema wakimuuliza atawaambia ni cheo.

Jumatano, 5 Machi

Juu ya Bibi kuna maji ya kahawia. Harufu kali, kama ya dawa ya kufutia rangi ya kucha. Nilidhani anaharisha. Nikapanda ghorofani, chupa mkono mmoja, mtoto mkono wa pili.

Mwalimu akamnusa. Akasema ni njaa. Sukari ya jana ameimaliza haraka, sasa amebaki anaelea kwenye kileo chake mwenyewe kama mlevi aliyefungiwa ndani ya kilabu. Nimwage hayo maji, nimpunguze, nimpe unga, atatulia. Tena kifuniko nisikaze.

Halafu akanieleza namna wanavyozaana. Sikumuuliza. Hakuna mume, Dada! Mama huota kichipukizi ubavuni. Kichipukizi kinanenepa, kinakatika, kinakuwa mtu mzima, nacho kinaanza kuchipua. Na pale kilipokatikia, mama anabaki na kovu. Kila mtoto na kovu lake, hadi siku nafasi inapomwishia, anazeeka. Amesema kwenye darubini za maabara kubwa makovu hayo yanaonekana kama pete.

 Kovu la kwangu, la upasuaji, liko chini ya kitovu na bado linawasha mvua ikikaribia. Nikamtazama Bibi kwa jicho jingine. Wakati namtazama, Bwana Mdogo akaingiza mkono chupani hadi kiwikoni.

Nilipoteremka nikamkuta Mama Mkwe mlangoni. Wiki hii yuko mjini, kafikia kwa wifi, ili awe karibu na habari. Nikamwamkia. Akaitikia, akavuta pumzi. Akavuta tena. Pua anayo yule mama.

Akauliza ninakunywa nini. Nikasema sinywi. Akauliza mbona nyumba inanuka kilabu. Nikasema ni Bibi. Akauliza bibi gani, maana anavyojua yeye bibi wa nyumba hii ni mmoja, naye ndiye amesimama hapa. Nikamwonyesha chupa. Akaitazama chupa, akanitazama mimi, akachukua kikombe cha mtoto akakinusa pia. Akamnusa na mtoto. Mkono hadi kiwikoni ulikuwa unanuka pombe.

"Mkwe wangu," akasema, "mimi si mtu wa maneno."

Kisha akasema maneno hadi chai ikapoa. Kwa ufupi: mwanamke anayenyonyesha na huku anapika pombe ya unga hawezi kuaminiwa na mtoto, zamu iwe ya usiku au ya mchana. Nikajibu kwa heshima zote kwamba mtoto haendi popote. Akasema haya, Jumapili si mbali. Akaniosha vyombo vyote kabla ya kuondoka. Hiyo nayo nimeihesabu kama tusi.

Alhamisi, 6 Machi

Bibi anataka joto la kadiri, Mwalimu amesema, kama la mwili. Mwili ninao.

Leo ilikuwa siku ya kliniki. Bwana Mdogo nikambeba mgongoni kwa mbeleko. Bibi nikamfunga kifuani kwa mbeleko ya pili, nimemvika fulana ya mtoto, kofia juu. Kifuniko nimekilegeza. Naelimika, Dada.

Kwenye foleni wanawake wakanipongeza kwa mapacha. Sikubisha. Mwenye mapacha hupishwa akapita mbele. Nikapita. Mmoja akauliza huyu wa kifuani mbona halii. Nikasema mpole, kafuata upande wa baba. Mwingine akataka amwone sura. Nikasema amelala, akiamshwa anachachamaa.

Nesi ni mtu wa haraka. Alimchukua Bwana Mdogo, akamning'iniza kwenye mizani, akaandika. Akanyoosha mkono: "Na huyo mwenzake." Nikasema huyu hana kadi. Akasema kadi baadaye, uzito kwanza. Nikasema huyu si mgonjwa. Akasema kwani yule mgonjwa? Akamfungua mwenyewe, akamtia kwenye mfuko wa mizani bila kutazama, macho yako kwenye namba. Namba ikamshtua.

Akasema huyu yuko chini sana, mama. Chini mno. Unamlisha nini huyu?

Ulimi ukanitangulia. Nikasema unga na maji.

Foleni nzima ikaguna. Bibi mmoja, wa kweli, akashika kiuno akasema wanawake wa siku hizi tuna roho ngumu. Hapo mizani ikatikisika, na Bibi wangu akatoa povu kupitia kwenye kofia.

Nesi akafunua kofia. Akatazama ndani. Akafunika tena, taratibu, kama mtu aliyefungua mlango usio wake. Kwenye kadi ya Bwana Mdogo kaandika kwa wino mwekundu: MAMA APUMZIKE. Dawa hakuandika.

Bwana Mdogo kaongezeka vizuri. Hilo hakuna aliyelizungumzia.

Ijumaa, 7 Machi

Msiba.

Niandike polepole. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, nyumba imepoa, na Bibi alikuwa amezubaa. Bwana Mdogo naye alikuwa amezubaa, nikamwogesha, akachangamka. Nikawaza: kwa nini nisimwogeshe na Bibi? Chupa ndani ya beseni, maji yazunguke nje, apate joto mwili mzima.

Swali likawa maji gani. Mtoto mchanga anaogeshwa maji ya kupima kwa kiwiko. Lakini mtu mzima hawezi kuoga hayo. Mama yetu mwenyewe, unakumbuka, alikuwa anaoga maji yanayotoa mvuke, akitoka bafuni huoni mtu unaona wingu. Na Bibi ana umri kumpita Mama yetu. Basi nikachemsha birika. Nikamimina lote.

Mwanzoni alipanda, Dada! Alipanda vizuri, akajaa shingo ya chupa, nikapiga makofi, Bwana Mdogo akapiga makofi. Kisha akashuka. Akashuka chini ya pale alipokuwa. Akawa laini, anang'aa, kama gundi ya kubandikia mabango. Nikamtoa. Nikampa unga. Nikasubiri. Hakuna povu. Nikasema shikamoo. Nikapiga goti. Hakuna.

Mwalimu akaitwa. Akauliza nilitumia maji gani. Nikasema ya mtu mzima. Akavua miwani, akaifuta muda mrefu ingawa ilikuwa safi. Akasema joto la mwili huyu anafurahi, joto la kuunguza mkono anakufa, ndivyo anavyokufa hata tanurini kila mkate unapoiva. "Tuko pamoja?" akauliza, kwa sauti ya chini sana.  Ni mara ya kwanza hakunilazimisha kurudia.

Nililia kidogo. Sikumlilia Bibi peke yake. Bwana Mdogo alikuwa amekalia unyayo wangu, anatafuna kamba ya kiatu. Nikajifuta kwa nepi safi. Nikaenda dukani.

Muuza duka akauliza kwa sauti ya kusikika barabara ya pili: mtu wa kiwandani kwenu, leo ananunua hamira ya pakiti? Nikasema ni ya jirani. Akasema wote husema ni ya jirani. Huyo jirani siku akija atamkaribisha kiti.

Nikachanganya hamira, unga, maji ya kiwiko. Ya kiwiko! Nikatia na siki, ipatikane ile harufu ya uchachu. Chai haijachemka, chupa imejaa. Bibi karudi, tena msichana. Ananuka saladi, lakini nani ataingiza pua?

Jumamosi, 8 Machi

Kipenga kaja. Hapigi mluzi. Kapakata mfuko wa plastiki kama mtu aliyetoka kuchukua majibu ya hospitali.

Akatoa chupa akaiweka mezani. Bibi wake bapa, wa kijivu, baridi kama samaki, hana povu hata la dawa. Akasema amefuata ushauri wangu neno kwa neno, hakumgusa, hakumfungua, hata mluzi jikoni aliacha ili asimsumbue. Na sasa anaona amemuua.

Nikauliza zamu ya mchana anaitakia nini, kijana mzima asiye na mtoto. Akasema baba wa mchumba wake hataki mkwe anayelala mchana kama popo. Ameshamwambia: zamu ya mchana, ndipo azungumze habari za mahari. Wamesubiri sana. Akamwangalia Bwana Mdogo namna ile ambayo watu huangalia vitu dirishani mwa duka.

Moyo ulinichoma. Sehemu ndogo ya moyo. Sehemu iliyobaki ilikuwa inacheza ngoma.

Nikampa chai. Akaniuliza afanye nini. Nikamwambia amlishe tu, unga kidogo na maji vuguvugu, asubuhi na jioni, amwache mezani. Niliwaza kumlisha marehemu hakudhuru, na kijana atakuwa na la kushika mikononi. Akashukuru, akaniita dada. Mlangoni akamgeukia Bwana Mdogo akampigia mluzi mmoja, mfupi, wa huzuni.

Baada ya hapo nilikaa na mwanangu kifuani, amelala kinywa wazi, maziwa yanamtoka pembeni. Kalamu iko mbali, mkono haufiki. Nikawaza huko kwa bibi yake nani atajua kwamba halali mpaka ashike sikio la mtu. Halafu nikaacha kuwaza. Mkono ukafika.

Jumapili, 9 Machi

Tanuri jipya ni zuri. Matofali mekundu, mlango mzito, halijawahi kuona masizi. Wote walikuwepo: mchomaji mkongwe, wafungashaji, dereva wa gari la mikate. Mama Mkwe naye kaja, hakualikwa, ana begi kubwa limetuna. Kaliweka karibu na mlango, kakaa juu yake. La nguo za mtoto. Nilijua.

Mzee wa Tanuri akaziamkia chupa. Kwa ile ya Kipenga akasema shikamoo, akainama, akasikiliza. Nami nikachungulia. Yu hai, Dada! Mapovu madogo madogo, yanapanda moja moja kama watu wanaotoka kitandani siku ya mapumziko. Friji haikumuua. Ilimlaza usingizi. Wiki nzima nimemhangaikia wangu kwa sukari, jua, mbeleko na birika, na mpinzani wangu nimempa likizo.

Kwa ya kwangu akasema shikamoo, akanusa. Akasimama wima.  Akatuambia tukande.

Unga wangu uliumuka sijamaliza kunawa mikono. Ukajaa beseni. Ukatoka. Ukashuka mezani, ukaelekea walipo wafungashaji, wakapiga makofi. Niliinamisha kichwa kidogo, kwa unyenyekevu. Wa Kipenga ukalala pale pale. Tukala, tukaongea, Bwana Mdogo akalala akaamka, Mama Mkwe akatueleza habari za mgongo wake tangu mwanzo, ndipo ukaanza kupanda.

Tukaoka. Wangu mrefu, rangi ya dhahabu, mkate wa kwenye tangazo. Wa Kipenga mfupi, mpana, umepasuka utosini. Mzee akakata wangu, akatafuna. Akatafuna tena, kama anayetafuta kitu alichodondosha. Akasema ni mkate mzuri. Ni kama mtoto mzuri ambaye hajui kwao. Akakata wa Kipenga. Ile harufu ikatoka, ya uchachu, ya zamani, na mchomaji mkongwe akafumba macho.

Mzee akanigeukia. Angepiga kelele ningevumilia.

"Binti yangu," akasema, "Bibi yuko wapi?"

Nikasema kasafiri.

Akauliza kwenda wapi. Nikatafuta jibu, nikakuta liko moja tu. Nikasema nilimwogesha.

 Mchomaji akavua kofia. Mfungashaji mmoja akasema poleni, sijui alikuwa anampa nani. Ndipo Kipenga akadakia, jamani asilaumiwe dada, kama si yeye wangekufa wote wawili. Yeye ndiye aliyemwambia habari ya friji, yeye ndiye aliyemwambia amlishe baada ya kutoka, mwanamke huyu ana moyo. Mzee akanitazama. Yule mzee ananijua tangu nilipoajiriwa. Akauliza nilimshauri friji kwa sababu gani. Nikasema wazee wanataka utulivu. Akasema, "Ni kweli," na masharubu yakamcheza kidogo. Kisha akasema neno ni neno. Mchana ni wa Kipenga. Usiku ni wangu.

Mama Mkwe akasimama, akashika begi.

Nikafika mlangoni kabla yake. Mtoto begani, unga hadi viwikoni. Sikupandisha sauti. Nikasema, Mama, nakuheshimu, umenizalia mume mwema. Lakini huyu haendi kwako. Nitakuja naye usiku, alale kwenye kapu la mikate. Ikibidi kazi initoke, itoke. Haendi.

Mama Mkwe akanitazama kama mtu aliyekanyagwa kwenye basi. "Kwani nani kasema anakwenda?"

Akafungua begi. Gauni la kulalia. Ndala. Dawa ya kuchua. Redio. Picha ya marehemu baba mkwe, imefungwa kwenye taulo. Hakuna hata soksi ya mtoto. Akasema, sasa akiitazama sakafu, kwamba nyumba yake ina vyumba vingi na mtu mmoja, tangu mzee afe anabishana na redio, na redio haibishi. Akasema mtu mzima hajialiki kwa mwanawe. Hulazimishwa na mambo. Zamu ya usiku ameniombea dua tangu Jumatatu.

Wiki nzima nilijua mwenye hila mjini ni mimi.

Jumatatu, 10 Machi

Mama Mkwe kalala kitandani kwetu, katikati. Bwana Mdogo kalala amemshika sikio, na hakulia. Nimefurahi. Nimeudhika pia, nimeyaweka yote mawili. Asubuhi amenifundisha kufunga nepi. Nimezifunga tangu siku ya kwanza, lakini kumbe nilikuwa nafunga vibaya.

Leo naingia usiku. Si kwa muda mrefu. Nimeshalala nikaliwaza jambo hili, na nimeona kosa lilikuwa wapi. Kosa lilikuwa vifaa.

Zamu ya mchana nitairudisha wiki hii hii. Nimempigia Kipenga. Kwa ile ile sauti ya kutakia mema nikamwambia tanuri jipya ni kali, kwa hiyo atie Bibi nusu ya kawaida, akandie maji baridi, na unga aulaze mahali pa baridi hadi kesho yake ndipo aoke. Yatatoka matofali! Akasema ahsante, dada, siku ya harusi utakaa meza ya mbele. Mwalimu alikuwa kwenye ngazi, akasikia yote. Akaanza, "Lakini mama, unga ukiumuka taratibu kwenye baridi ndipo mkate unapopata utamu..." uso umemng'aa kabisa. Nikafunga mlango. Sina muda wa darasa leo.

Kurasa hizi nakutumia kwa dereva wa gari la mikate, anapita njia ya kwako. Arudi na vitu hivi, Dada, usipunguze. Kipimajoto cha maji, kile cha kioo. Chupa moja ya mdomo mpana. Hamira pakiti sita, toa karatasi za nje, funga kwenye soksi. Zabibu kavu mfuko mmoja, maana Mwalimu amesema maganda ya matunda yana chachu yake yenyewe, nataka nifuge Bibi wangu nimwambie Mzee kafufuka. Betri za redio, ndogo, nyingi. Blanketi moja zito, mgongo unamsumbua Mama Mkwe na usiku kuna baridi. Na godoro la mtu mmoja, jembamba. Jembamba kabisa, asizoee.